Chumvi Tuliyoila Msibani

Alhamisi, Makongolosi. Jua la leo halikuwa na adabu hata kidogo. Nilikuwa sijamaliza chai, bati limeshaanza kulia kwa joto, na upepo ukatuletea vumbi la machimboni mpaka ndani ya sufuria. Mimi ni mtu wa Mafinga, nimekulia kwenye ukungu na harufu ya mbao mbichi. Kila kiangazi nasema mji huu sitauzoea, na mvua zikianza nasahau kuhama.

Moyo wangu leo sijui niuseme vipi. Umetulia, na unauma.

Kwa aliyepotea njia akajikuta hapa: blogu hii alinifungulia binti yangu Upendo, yuko Iringa anasomea ualimu. Alitaka niitumie kutangaza kazi yetu ya kuosha mazulia. Weka picha ya kabla na picha ya baada, mama, wateja wanapenda. Nikaweka mara moja, nikachoka. Tangu baba yake afariki, pamegeuka kuwa mahali pangu pa kulalamikia. Najua anasoma. Hasemi kitu, na mimi simuulizi.

Baba yake aliitwa Ambakisye. Naliandika jina lake hapa kwa sababu siku hizi hakuna anayelitamka, wote wanasema marehemu. Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mcheshi, hali ugali kama kuna ndizi. Tulikuja Makongolosi kwa sababu dhahabu ilileta gesti, gesti zikaleta mazulia, na mazulia yakakosa wa kuyaosha. Watu walikuwa wanayaning'iniza ukutani na kuyapiga fimbo. Sisi tukaja na mashine. Inachemsha maji, inayarusha kwenye zulia kwa nguvu kupitia vitundu vyembamba sana, na hapohapo inayanyonya pamoja na uchafu. Mimi nilishika mpini wa kuoshea. Yeye alikaa kwenye mashine, akaangalia maji.

Mashine ile ikiwaka hamsikilizani, kwa hiyo tulikuwa na ishara zetu. Nikinyanyua ngumi, afunge maji. Nikizungusha kidole, aongeze moto. Nikiweka kiganja kichwani, maana yake nimechoka, tunywe chai. Hii ya mwisho niliitumia kuliko zote, na hakuwahi kuikataa.

Bado nanyanyua ngumi.

Nasimama katikati ya sebule ya watu, mkono juu, maji yanazidi kumwagika, ndipo nakumbuka kwamba wa kuyafunga ni mimi mwenyewe. Wenye nyumba wananiangalia, nami najifanya najinyoosha mgongo.

Sasa niseme habari ya maji, maana yote haya yanatoka huko. Maji ya Mafinga ukiyaonyesha sabuni tu, povu hilo. Ya hapa ni ya kisima, yamejaa chokaa. Unasugua sabuni mpaka inaisha, unachopata ni utando mweupe unaoelea juu. Chungulia birika lolote la mji huu, ndani lina ukoko mweupe. Sasa fikiria ukoko huo ndani ya mashine yenye vitundu vyembamba. Inachelewa kuchemsha, inaziba, mwisho inakufa. Na zulia lenyewe likikauka linakuwa gumu, rangi imefifia, mteja anakuuliza kama ulikuwa unaliosha au unalipaka chokaa.

Ambakisye alikuwa na dawa yake. Nyuma ya nyumba, chini ya tangi, alisimamisha mtungi mrefu wa bluu uliojaa punje ndogo za kahawia. Ukiziona kiganjani utadhani ni ulezi. Maji ya kisima yanapita kwenye zile punje, yanaacha chokaa humo, yanatoka laini. Siku moja nilimuuliza hiyo chokaa inakwenda wapi. Akanijibu, "Zile punje zina mikono. Zinaishika." Nilikuwa nachelewa mazoezi ya kwaya, nikacheka nikaondoka. Sikumuuliza mikono hiyo ikijaa inakuwaje.

Alifariki wakati wa mvua. Asubuhi alisema kichwa kinamgonga, jioni tulikuwa tumeshampoteza. Presha, walisema hospitali. Masika yote iliyobaki niliosha mazulia kwa maji ya mvua niliyokinga kwenye bati, mazulia yakatoka mazuri, nikajidanganya kwamba kazi naiweza. Kiangazi kikaingia, nikarudi kwenye maji ya kisima, yakipita kwenye mtungi kama zamani. Mwanzoni hayakuwa na shida. Kisha mashine ikaanza kukohoa.

Nikaona nitumie akili yangu. Kwetu makande yakigoma kuiva unatia magadi, yanalainika yenyewe. Nikajiambia maji magumu nayo yatalainika. Nikasaga magadi, nikatia kwenye tangi la mashine, nikawasha, najiona mjanja kuliko watu wote wa wilaya hii ya Chunya. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Hita ikaziba. Na zulia lililokuwa chini ya miguu yangu siku hiyo lilikuwa la mama mchungaji.

Lilikauka limekakamaa. Ungelisimamisha ukutani lingesimama.

Nilitamani anigombeze. Mama mchungaji ni mtu mzima, mpole. Alilishika kidogo kwa vidole, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, pumzika kwanza. Mambo haya hayana haraka." Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Angenigombeza ningejua la kumjibu.

Habari zikamfikia shemeji Lwitiko, mdogo wake Ambakisye, anauza vipuri vya magari soko la Mwanjelwa, Mbeya. Sijui nani alimpigia, mji huu hauna siri. Akanipigia juzi jioni. "Shemeji, ile kazi ilikuwa ya watu wawili. Jumamosi nakuja na kirikuu tuibebe mashine, huku Mbeya kuna mtu anaitaka. Wewe rudi kwenu Mafinga, upumzike." Hakusema kwa ubaya. Lwitiko hana ubaya, ndiye aliyenishika makaburini nisianguke. Nikamjibu, sawa shemeji, nakushukuru.

Pumzika, pumzika. Kila mtu ananiambia nipumzike.

Hakuna anayejua kwamba kupumzika ndiko kunakonimaliza. Mafinga nitafikia kwa kaka, nitapewa chumba cha uani na kazi ya kuchambua maharage, na jioni nitakaa na mawifi wakinionea huruma kwa zamu. Mashine ikiondoka, hakuna tena mahali popote duniani ambapo mimi na Ambakisye tulikuwa tunaelewana bila kusema. Nyumba hii tulipanga, kaburi liko Tukuyu, mtoto yuko Iringa. Kilichobaki hapa ni ile kelele.

Hivyo ndivyo nilivyoamka leo. Nimeshaanza hata kuzifunga nyaya za mashine kwa kamba.

Halafu akaja Mama Zawadi. Ni jirani yangu, Msafwa, anauza samaki wa Rukwa. Huwa haingii ndani, anasimama mlangoni na kanga yake kiunoni kama mtu mwenye safari, na anaweza kusimama hivyo mpaka mchana.

"Dada ee," akasema, "ile chumvi yenu ya msibani, ile ya mabonge, mlinunuaga wapi? Yangu inakaribia kuisha, na samaki hawaitaki hii laini ya dukani."

Nikamwambia simwelewi, chumvi gani.

"Si ile ya kwenye kiroba! Ilikuwa stoo, pale kwenye vitu vya mashine. Tulipikia msiba wote. Iliyobaki nikachukua mimi kwa ajili ya samaki, si nilikuuliza ukaitikia?"

Sikumbuki kuulizwa wala kuitikia. Siku zile ningeitikia hata kuambiwa nyumba inaungua. Lakini nilikumbuka kitu kingine. Nimekaa chini sebuleni, mgongo ukutani, kanga kichwani, wanawake wako uani wanapika. Mmoja anauliza chumvi iko wapi, mwingine anajibu kwa sauti, "Kuna kiroba kizima humu stoo! Marehemu alijiandaa." Wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachokatwa katikati. Nami pale chini nilicheka kidogo.

Ambakisye alikuwa hatoki Mbeya bila kiroba cha chumvi ya mawe. Miaka yote nilidhani ni ya ng'ombe wa mama yake Tukuyu, maana kila akienda anawapelekea. Na Jumapili nikirudi kwaya namkuta nyuma ya nyumba, ndoo iko juu ya stuli, mpira umetoka kwenye ndoo umeingia kwenye mtungi wa bluu, na yeye amechuchumaa chini, anakinga matone kwa kidole na kuyalamba. Nilikuwa namtania. Jamani, ndani kuna maji ya kunywa, baba, unalamba ya mtungini kwa nini? Anacheka, ananiuliza kwaya ilikuwaje.

Alikuwa anaonja chumvi. Anaimimina kwenye zile punje ziachie chokaa, kisha anazisuuza mpaka ulimi usisikie chumvi tena. Chumvi ndiyo inayoifungua ile mikono. Mimi nikaona kila kitu, Jumapili baada ya Jumapili, na sikuona kitu.

Na chumvi yenyewe tumeila.

Tumeila kwenye maharage, kwenye kabichi, kwenye wali wa siku ya kusafirisha mwili. Mimi na wote waliokuja kumlilia. Watu wakasifu mpaka chakula, wakasema wapishi wa msiba huu wana mkono. Hakuna aliyejua, na nani angejua? Mwenye kujua ndiye tuliyekuwa tunamlilia.

Nikaanza kucheka, nikaishia kulia, Mama Zawadi akatoa macho. Maskini alidhani nalilia chumvi. Akaondoka mbio, akarudi na ndoo yake ndogo, robo yake bado ina mabonge. "Chukua, dada. Chukua yote. Sikujua kama ilikuwa na kazi."  Nilimshika tu mkono, mkono wake unanuka samaki, na nikagundua ni muda mrefu sijamshika mtu mkono.

Alipoondoka nilitoa stuli nje.

Nikayayeyusha yale mabonge kwenye maji, nikaweka ndoo juu, nikaingiza mpira kwenye mtungi.  Niliacha maji ya chumvi yapite taratibu, yakae humo, kisha nikafungulia ya kawaida nisuuze. Nikachuchumaa palepale alipokuwa anachuchumaa, udongo wa pale umebonyea kabisa, nikakinga tone kwa kidole. Chumvi kali yenye uchungu. Nikangoja. Tone jingine, chumvi. Nikangoja tena, jua linanichoma utosi, sikuwa na wa kumwambia aniletee kofia. Mwisho nikalamba na sikusikia chochote. Maji tu.

Kipimo chake nilikijua, kwa sababu kilikuwa kinanikera kwa kelele zake. Unakata vipande vidogo vya sabuni ya mche, unatia kwenye chupa ya soda, unajaza maji nusu, unatikisa. Nikatikisa. Povu likapanda mpaka shingoni, zito, likakaa halishuki.

Niligeuka nimwonyeshe.

Nitaliandika hivyohivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niligeuka na chupa mkononi, mdomo wazi, na nyuma yangu kulikuwa na kamba ya nguo na kuku wa Mama Zawadi.

Hita nilikuwa nimeshaisafisha kwa siki wiki iliyopita, na vitundu nimevizibua kwa sindano. Kilichobaki kilikuwa kujaribu, na zulia la mtu mwingine nisingeligusa tena kwa kubahatisha. Nikajua ni lipi. Nililijua tangu mwanzo.

Kwa desturi yetu, matanga yakianuliwa wanawake wanatoa vitu vyote nje, nyumba inaoshwa, mikeka na mazulia waliyolalia watu yanafuliwa, ndipo maisha yanaruhusiwa kuendelea. Lakini matanga ya Ambakisye yalianuliwa Tukuyu, kwenye nyumba ya mama yake, alikozikwa. Nyumba ya huku tuliifunga tu kwa kufuli tukaondoka na jeneza. Niliporudi peke yangu, makochi yalikuwa bado barazani na zulia la sebuleni liko kama walivyoliacha. Makochi nikayaingiza. Zulia sikuligusa. Mimi, ninayeitwa kila nyumba ya mji huu ikimaliza msiba!

Lilikuwa na nta ya mshumaa, doa la chai, tope la viatu vya mvua, na pale pembeni ukutani alama ya mahali nilipokaa mimi. Nilikuwa najiambia silioshi kwa sababu maji magumu yataliharibu. Uongo. Uchafu ule ulikuwa ndio wageni wangu wa mwisho, na niliogopa kuwatoa.

Leo nimewatoa. Nikazifungua zile kamba, nikawasha mashine, kelele ikajaa nyumba, na maji yakatoka kwenye vitundu yote sawasawa, kama mwavuli uliofunguka. Nililiosha pole pole tangu mlangoni mpaka ukutani. Pale kwenye alama yangu nilisimama, nikarudia, nikarudia tena. Tangi la maji machafu lilijaa weusi. Nilipokwenda kulimwaga mtaroni nilichelewa kuliinamisha, maana ile ilikuwa miguu ya watu wote waliompenda. Kisha nikamwaga. Nikasema kwa sauti kwamba matanga yameanuliwa, kwa kuwa lazima mtu aseme, na nikarudi ndani kusuuza tangi.

Jioni hii liko nje kwenye kamba, limekauka. Nimelibonyeza kwa kiganja. Laini. Lile jekundu lake la zamani limerudi, nilikuwa nimelisahau.

Nimempigia Lwitiko. Nimemwambia, "Shemeji, Jumamosi njoo. Nitapika ndizi. Ila kirikuu kiache Mwanjelwa."  Nikasikia watu wanapita dukani kwake, mtu anauliza plagi. Akaniuliza kwa upole, "Na maji, shemeji, ataangalia nani?" Nikamwambia mimi. Nikamwomba tu aninunulie kiroba cha chumvi ya mawe, kama alichokuwa anabeba kaka yake. Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Halafu akasema, "Kumbe ndiyo kazi yake ile chumvi," na sauti yake haikuwa nzuri, nikaaga haraka kabla hatujaanza wote wawili.

Sasa nyumba imetulia. Chupa ya povu nimeiweka dirishani, limeshuka kidogo lakini lipo. Ningependa kusema nimefurahi, na kweli nimefurahi. Tatizo ni kwamba furaha nayo inataka mtu wa pili, kuliko hata huzuni. Wa kulia nami nimewapata wengi. Wa kuona povu sijampata.

Upendo, kama umefika mpaka hapa, nipigie, mwanangu. Sina shida yoyote, nataka tu uniulize siku yangu ilikuwaje.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mama mchungaji kuliosha upya lile zulia. Nitabeba maji yangu mwenyewe. Naijua sebule yake, najua nitasimama wapi na nitamaliza wapi, na najua kabisa nikifika ule ukuta wa mwisho, kelele zikiwa juu, mkono wangu utainuka wenyewe na ngumi yake.

Niufundishe kuacha, au niuache uendelee kuita?